Mwanamfalme Atatoka Kabla ya Mvua Kuisha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa darasani, na Mwalimu wa Kiswahili ikabidi apaze sauti kushinda bati. Ndiyo maana shule nzima, nadhani, imesikia alichoniambia. Alikuwa anarudisha insha. Yangu ilikuwa na wino mwekundu kama imetoka kwenye ajali.

"Nimehesabu," alisema. "Huenda, kumi na moja. Labda, sita. Pengine, nne. Kurasa mbili tu. Sasa mama, wewe ulikuwepo kwenye insha yako au ulikuwa unapita njia?"

Darasa likacheka. Nikaangalia dawati. Aliponifikia aliinama akasema polepole, bila ubaya, "Mawazo yako ni mazuri. Ila yamejificha nyuma ya mlango. Yatoe nje yaonekane."

Kwa hiyo nimeamua mambo mawili. Nitaandika humu muhula wote, na nitajifunza kusema kitu kama kilivyo.

Nimeandika "nadhani" hapo juu. Naiacha kwa sababu natumia kalamu.

Jumatano, 6 Machi

Kuvuja kumeanza. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Cha mbele ni cha Mama, cherehani yake, na sare za shule za watoto wa watu zilizopangwa hadi karibu na dari. Cha nyuma kiligawanywa kwa plaiwudi Mjomba alipohamia. Upande mmoja kitanda changu na vitabu, upande wa pili Mjomba, mdogo wake Mama, na kinanda chake. Ubao haufiki juu. Akikohoa, namwambia pole. Nikifungua ukurasa, anauliza kama kitabu ni kizuri.

Leo maji yaliingia upande wake akiwa hayupo, tone baada ya tone, ndani ya kinanda. Kibonyezo kimoja kimekufa, cha noti ya mi ya katikati. Ukikibonyeza kinashuka kama kawaida, ila hakisemi kitu.

"Si neno," alisema Mjomba. "Nitahamisha sauti."

Kuna kitufe kinachosogeza sauti zote juu kidogo, hivyo wimbo uleule unapigwa kwa vibonyezo vingine na kile kilichokufa kinarukwa. Alipiga wimbo mzima namna hiyo, vidole vikitembea kama mtu anayekwepa madimbwi. Mama alisema kutoka chumba cha mbele kwamba wimbo umepanda mno, mwimbaji atapasuka koo.

"Dada, mwimbaji si ndugu yetu," alisema Mjomba.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Jaribio la kemia.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kuhusu kundi, maana hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Ni kundi la kwenye simu la wapiga vinanda, watu mia mbili na kitu. Nimo tangu mwaka jana kwa jina la Nusu Sauti. Sina kinanda. Napiga cha Mjomba akitoka, sauti nikiwa nimeipunguza hadi mwisho. Lakini nasoma. Miongozo ya vinanda naisoma kama wenzangu wanavyosoma riwaya, kurasa zote, hata zile za onyo. Mtu akiuliza swali, namjibu, na jibu huwa sahihi. Kwa hiyo wameamua kwamba mimi ni mzee mmoja hivi, fundi mstaafu. Wananiita Mzee Nusu. Darasani sijawahi kunyoosha mkono. Kule nikiandika, watu wananyamaza wasome.

Siku hizi kundi lina jambo moja tu. Kampuni moja ya ng'ambo ina kinanda chake kikubwa kuliko vyote, sisi tunakiita Mfalme. Karibu hakuna kati yetu anayeweza kukinunua kipya. Ila kampuni hizi zina tabia moja. Zikishatoa kikubwa, baada ya muda hutoa kidogo chenye akili ileile ndani, vibonyezo vichache, mwili wa plastiki badala ya chuma, kioo kidogo. Sauti ni zilezile, bei ni ya binadamu. Huyo tunamwita Mwanamfalme. Hakuna aliyemwona. Kila siku tunabishana atafananaje.

Leo mmoja ameandika, "Hatakuwa na kioo cha kugusa, mtabonyeza kama simu za zamani." Mwingine, "Kioo utakila? Bora sauti." Mwingine, "Mfalme ana mimba mwaka wa pili huu, mpelekeni hospitali." Akajibiwa, "Mfalme ni dume, bwana."

Mjomba naye yumo. Anajiita Mkono wa Kushoto. Mimi najua ni yeye, yeye hajui Nusu Sauti ni nani. Mwanzoni niliona aibu kumwambia. Baadaye nikawa nimechelewa, kwa sababu alikuwa ameshaniita mzee wake mara nyingi.

Jumapili, 10 Machi

Nimekiona kitu. Mwongozo wa Mfalme umetolewa upya, na kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kuna tanbihi: maelezo haya hayahusu modeli ya vibonyezo 61. Mfalme ana ukubwa wa aina mbili, 88 na 76. Hakuna Mfalme wa 61. Mtu fulani ofisini kwao amesahau kuifuta.

Halafu nikapiga hesabu. Mfalme wa kabla ya huyu alipata mtoto baada ya miezi kumi na minane. Huyu anatimiza miezi kumi na minane mwezi wa tano.

Nikaandika kwenye kundi, pamoja na picha ya ukurasa, "Huenda Mwanamfalme atatoka kabla ya mvua kuisha." Kabla ya kutuma niliisoma mara tatu. Neno la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni pale kama askari. Nikamkumbuka Mwalimu. Nikalifuta.

Mwanamfalme atatoka kabla ya mvua kuisha. Sentensi ilikuwa nzuri. Nikatuma.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua kutwa. Kundi zima limewaka. Wamenipa hata salamu za kuniombea umri mrefu.

Alhamisi, 14 Machi

Wakati wa chakula Mjomba alimsomea Mama kwa sauti kile nilichoandika. Alikisoma kama taarifa ya habari.

"Na nani huyo?" Mama aliuliza.

"Mzee mmoja. Lazima alifanya kazi kiwandani kwao. Huyu habahatishi."

Kilichonishtua ni alichosema baadaye. Kiongozi wa bendi, yule wanayemwita Kapteni, amemwambia Mjomba kwamba mvua zikiisha, sherehe zikianza, atachukua mpiga kinanda wa kudumu. Atawasikiliza watu. Kila mmoja aje na chombo chake, kizima. Mjomba ana miaka mitano anaitwa kuziba nafasi tu, mtu akiugua. Hii ni mara ya kwanza kuulizwa kama anataka kukaa.

Na muuza dawa wa kona yetu, Mama Dawa, ana Mfalme chumbani. Mwanawe alikwenda kusoma mbali akamwachia, na yeye anataka chumba apangishe. Amemwambia Mjomba akichukue, atalipa kidogokidogo.

"Si ukichukue basi," Mama alisema.

"Dada, nibebe kitu cha chuma kizito kama jeneza, kilichotumika, wakati kipya chepesi kinakuja mwezi wa tano? Chenye udhamini wa kiwanda?"

"Kinakuja kweli?"

"Mzee amesema atatoka. Hajasema huenda."

Nilisimama kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado vina chakula.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mchana, mvua ikiwa imetufungia ndani wote, Mjomba aliniita upande wake. "Profesa, njoo uniandikie. Huyu mzee anaandika Kiswahili cha kitabuni, mimi nikiandika ataona nimekimbia shule."

Nikakaa kitandani kwake, kinanda kikiwa katikati yetu na beseni juu yake likipokea matone. Akanipa simu yake. Akafumba macho akaanza kusema, nami nikaandika.

"Mzee wangu Nusu Sauti. Pole na majukumu. Mimi ni Mkono wa Kushoto. Nina jambo la kikazi. Hapa karibu naweza kupata Mfalme aliyetumika. Lakini moyo unataka Mwanamfalme. Chombo changu kinakufa na nimepewa hadi mwisho wa mvua. Naomba uniambie kama mtoto wako. Nisubiri au nisisubiri?" Alifungua macho. "Mtoto wako, imekaa vizuri?"

"Imekaa vizuri."

"Tuma."

Nikatuma. Simu yangu ikatetemeka mfukoni mwa sweta.

"Nani anakutafuta?"

"Wa darasani. Kazi ya hesabu."

"Mwambie Profesa yuko kikaoni," alisema, akacheka.

Nilirudi upande wangu, nikalala kifudifudi. Niliandika "Usisubiri." Nikalitazama. Nilijua angeuliza kwa nini, na jibu lingenifikisha kwenye tanbihi moja na hesabu ya vidole. Nikafuta. Sasa niandike lile baya zaidi. Haikuwa hofu peke yake. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza afanye nini. Nilitaka kujibu kama mzee.

Niliandika, "Uamuzi ni wako, kijana wangu. Lakini dalili zote zipo."

Nikasikia simu yake ikilia upande wa pili. Kisha akasema peke yake, taratibu, "Dalili zote zipo." Akaondoa beseni juu ya kinanda akapiga kwa nguvu, akiruka mi, hadi Mama akagonga ukuta kwa mkasi.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba amemwambia Mama Dawa asante, anasubiri.

Jumatano, 20 Machi

Nimejaribu kurudisha maneno. Nimeandika kwenye kundi: "Samahani. Kuhusu Mwanamfalme, sina uhakika. Lile lilikuwa kadirio langu tu."

Nilidhani watakasirika. Badala yake:

"Wameshamfikia."

"Wamemziba mdomo."

"Amesainishwa karatasi huyo. Mnaona alivyobadilika? Jana simba, leo paka."

"Kampuni haimtishi mtu kwa uongo. Ina maana ni kweli."

Mkono wa Kushoto ameandika, "Mzee wetu, tumekuelewa. Usiongeze neno, usije ukapata matatizo."

Na kutoka nyuma ya ubao nikasikia Mjomba akinong'ona, "Maskini mzee."

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Vibonyezo vilivyokufa ni vitatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Vinne. Mjomba ameanza kuchagua nyimbo kwa kuangalia zisizohitaji noti ya la. Barabara ya kwenda shuleni imekatika, tunazunguka kwa nyuma ya ghala. Viatu havikauki. Nalala na viatu kitandani viote joto.

Kila jioni Mjomba husoma kundi kwa sauti ya chini, kama anayejifariji. Kila jioni namsikia. Sina pa kwenda. Mbele kuna cherehani, nje kuna mvua, na hapa kuna ubao.

Jumanne, 9 Aprili

Mwalimu wa Kiswahili amenirudishia insha. Ameandika: "Sasa unaamua. Safi sana." Sijawahi kupata alama kubwa hivi. Nimeikunja nikaitia katikati ya kamusi, nisiione.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama alinituma dawa ya kichwa. Mama Dawa alikuwa peke yake, miguu juu ya kreti kwa sababu maji yalikuwa yamepita chini ya mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kichwa tena? Mwambie mama yako cherehani haikimbii, akapumzike." Alihesabu vidonge. "Na huyo mjomba wako bado anasubiri huyo mtoto?"

"Bado."

"Wameniua, mwanangu. Tangu huyo mzee wao wa kwenye simu aseme mtoto yuko njiani, hakuna anayemtaka baba. Juzi kaja mtu, kapiga kinanda saa nzima, mimi nimesimama kama mlinzi, halafu ananiambia anasubiri. Wote wanasubiri. Mpangaji wangu naye anasubiri chumba. Hivi huyo mzee amekiona hicho kitu kwa macho yake?"

Pale palikuwa mahali pa kusema. Hakukuwa na mtu mwingine dukani.

"Na naomba spiriti," nilisema. "Chupa ndogo."

Hatukuhitaji spiriti. Imekaa juu ya kabati, Mama anauliza ni ya nini.

Jumatatu, 22 Aprili

Vibonyezo vitano vimekufa. Hakuna taarifa yoyote ya kampuni. Naangalia asubuhi kabla ya shule, mapumziko, na nikirudi. Nimeanza kumwombea Mwanamfalme kama ndugu aliyelazwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo niligundua jambo kuhusu Mjomba. Nilikuwa namwona mtu wa mchezo, mtu wa kuchelewa kuamka na kumtania Mama. Leo mvua ilinirudisha nyumbani mapema na yeye hakujua nimeingia. Alikuwa amezima kinanda. Alikuwa anapiga vibonyezo vilivyozimwa, macho yamefumba, midomo inahesabu, wimbo mmoja tangu mwanzo, tena na tena. Anakosea, anarudi. Hata umeme hakutaka kuutumia. Nilisimama mlangoni na mkoba mgongoni hadi miguu ikafa ganzi. Mtu huyu ananisubiri mimi.

Jumamosi, 4 Mei

Jua lilitoka kwa saa mbili nzima. Watu wote mtaani walianika magodoro. Kapteni ametaja siku: Jumamosi ijayo, mchana. Vibonyezo vilivyokufa ni saba.

Mjomba anasema Mwanamfalme akitangazwa wiki hii tu, atamwonyesha Kapteni tangazo na kumwomba wiki mbili za kukipata. Anasema Kapteni ni mtu wa kuelewa. Mama aliuma uzi kwa meno.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia.

Ilikuwa jioni, Mama anashona, kimvua chepesi. Nilikuwa nimekaa kitandani nimeupa ubao uso. Nilifikiri kwamba nisipomwona nitaweza.

"Mjomba."

"Naam, Profesa."

"Nusu Sauti ni mimi."

Nikasikia kitanda chake kikilia. "Unamfahamu mzee?"

"Hakuna mzee. Ni mimi. Tangu mwaka jana."

Cherehani chumba cha mbele ikanyamaza.

"Lile swali," alisema. "Lile nililokuandikisha hapa."

"Nilikujibu nikiwa hapa kitandani."

"Ukaniita kijana wangu."

"Ndiyo."

"Na hizo dalili zote?"

"Zilikuwa mbili. Tanbihi moja kwenye kitabu, na hesabu ya miezi. Neno la kwanza lilikuwa huenda. Nililifuta."

"Kwa nini hukuniambia hujui?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi, kwa mpangilio. Lililotoka halikuwemo. "Ulifurahi sana."

Akasema, kwa sauti isiyo na mzaha hata kidogo, "Waambie na wengine." Akavaa viatu akatoka mvuani.

Nikaandika kwenye kundi kila kitu: umri wangu, kidato changu, tanbihi, neno nililolifuta. Nikasema naomba radhi. Nikangoja matusi.

"Mtoto, rudisha simu ya mzee."

"Wajukuu wa siku hizi. Mwache babu yako apumzike."

"Mwambie Mzee Nusu tunamsalimia, na afunge simu kwa namba ya siri."

Nimeandika mara tatu kwamba ni mimi. Mara ya tatu wamenitoa kwenye kundi, wakisema watanirudisha mzee mwenyewe akijitokeza.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikohoa. Mjomba hakusema pole.

Ijumaa, 10 Mei

Alikwenda kwa Mama Dawa leo asubuhi, kumwomba. Chumba kilikuwa kitupu, kimeshapakwa rangi. Kinanda kiliuzwa Jumatatu, bei ya kutupa, kwa sababu hapakuwa na mshindani. Aliyekinunua ni Kapteni.

Mjomba alimsimulia Mama mlangoni, mimi nikiwa ndani. Kapteni hayumo kwenye kundi lolote. Alisikia tu kwamba watu wote wanaogopa kununua, akaenda na gari.

"Kwa hiyo utapiga nini kesho?" Mama aliuliza.

"Amesema kila mtu atapigia hichohicho. Hakuna haja tena ya kuja na chombo."

"Si afadhali basi."

"Si afadhali, Dada," alisema Mjomba.

Kisha akaja upande wangu. Hajawahi kuingia bila kugonga ubao. Alisimama akaangalia vitabu, viatu, kamusi. "Kesho utakuja na mimi," alisema. "Wewe unakijua hicho kinanda. Mimi sijawahi hata kukiwasha."

Jumamosi, 11 Mei

Ukumbi ni bohari la zamani la viti vya kukodi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepandana hadi juu, na katikati, juu ya stendi, Mfalme. Ni mkubwa kuliko kwenye picha. Nilimwonyesha Mjomba pa kuwashia, pa kuchagua sauti. Mikono yangu ilijua kila kitu, ingawa haikuwahi kukigusa.

Walikuwa wapiga kinanda watatu. Wa kwanza alikuwa mzuri. Wa pili alikuwa mzuri zaidi na alilijua hilo. Kapteni alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha rundo, akila karanga. Akamwita Mjomba.

Mjomba akaanza. Mwanzoni sikuelewa ninachosikia. Kinanda kilikuwa kizima, vibonyezo themanini na vinane, vyote vinasema. Lakini vidole vyake vilikuwa vinaruka. Kila alipofika katikati viliinuka vikapita juu ya mi, vikapita juu ya la, vikatafuta njia ya kuzunguka mahali ambapo hapakuwa na shimo. Miezi miwili ya kukwepa ilikuwa imeingia mikononi. Wimbo ulitoka na mapengo. Yule wa pili aliangalia viatu vyake akitabasamu.

Mjomba akasimama. "Samahani, Kapteni. Naanza upya."

Akaanza upya. Akaruka palepale.

Kapteni aliacha kutafuna. Nilimwona Mjomba akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, na nilijua anachotazama, kwa sababu ni mimi tu niliyesikiliza kila kibonyezo kikifa, kimoja kimoja, kupitia ubao.

Nikasema, "Mi ipo, Mjomba."

Ilitoka kubwa. Bohari lile lina mwangwi. Watu wote waligeuka.

"Kipige," nikasema. "Kipo. Na la ipo. Vyote vipo."

Akakibonyeza kibonyezo kile kimoja, kwa kidole kimoja, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Kikalia. Akakirudia. Kisha akapiga wimbo kuanzia mwanzo, na kila alipokaribia katikati mimi nilisema kwa sauti, "Mi," na "La," na "Mi," nikiwa nimesimama kati ya viti vya kukodi na uso unawaka moto, na yeye akapiga kila nilipotaja, hadi katikati ya ubeti wa tatu sikuhitaji tena kusema.

Kapteni alisema atatoa jibu Jumanne. Njiani kurudi, mvua ilipotuanza, Mjomba alivua koti akanifunika mimi na mkoba wangu.

Jumanne, 14 Mei

Amechukuliwa.

Masharti ni haya. Kwa kuwa hana chombo chake, atapigia cha Kapteni, na nusu ya malipo yake itabaki kwa Kapteni kila sherehe, kwa ajili ya kinanda, mpaka siku atakapokuja na chake. Kwa nusu inayobaki, kununua chake ni jambo la miaka. Hawezi kupiga kwa mtu mwingine. Hawezi kukipeleka kinanda nyumbani kufanya mazoezi. Mkataba ulikuwa na ukurasa mmoja. Niliusoma wote, hata maandishi ya chini. Nikamweleza bila kupunguza.

"Kwa hiyo nimeolewa," alisema Mjomba. Akatia saini.

Ni utani wake wa kwanza tangu Jumatano ile. Mama alicheka kuliko utani ulivyostahili.

Ijumaa, 24 Mei

Hakuna mvua siku ya nne. Kampuni imetangaza.

Nimeona mapumziko, nyuma ya maabara. Vibonyezo 61, mwili wa plastiki, kioo kidogo, sauti zote za Mfalme. Kila kitu nilichokisema. Nilingoja kufurahi hadi kengele ikalia.

Kwenye kundi, ambalo siwezi tena kuliona, lazima wanamtukuza mzee.

Jumamosi, 25 Mei

Leo saa sita mchana Mjomba alikuwa anavaa shati la bendi. Akagonga ubao.

"Profesa. Nasikia katangazwa."

"Katangazwa jana."

"Njoo unisomee."

Nikakaa pale nilipokaa siku ile. Kinanda chake cha zamani hakipo tena juu ya stendi, kimesimamishwa ukutani na shati lingine limetundikwa juu yake. Nikasoma tangazo lote, nikitafsiri taratibu. Alitikisa kichwa kukubali kwenye sauti, akatabasamu kwenye uzito. Nikafika mwisho, na sikuharakisha wala sikunong'ona. Hakitaingia madukani mwaka huu. Mwakani, na mwezi hawajautaja. Bei si kama kundi lilivyodhani, ni karibu na ya Mfalme aliyetumika, kabla bei hiyo haijaanguka.

"Kabla hatujaiangusha," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwaka mzima na Kapteni."

"Zaidi ya mwaka, Mjomba."

Alifunga kifungo cha mwisho, kile cha shingoni, akakipima kwa kidole kama kinabana. Nje gari la bendi likapiga honi. Zamani siku za kazi alikuwa akitoka ubavu kwanza, kinanda kimefungwa kwenye shuka begani, Mama akimshikia mlango na kumwonya asigonge fremu. Honi ikalia tena. Mama aliacha cherehani akaenda kumshikia mlango, kwa mazoea, naye akapita katikati ya mlango, wima, mikono mitupu.